Seti ya Mwisho

Nilimpasua jamaa mmoja nyusi kwa chupa ya soda, na sijutii. Dada yangu mdogo alikuwa kwenye televisheni ya hoteli hapa Kitengela, akichezea taifa voliboli, seti ya mwisho, na huyo jamaa akainuka akaweka mpira wa wanaume. Tena marudio, mechi ya juzi!

Mama yetu alikuwa ametoka Loitokitok alfajiri kuja kumtazama. Hajawahi kumwona akicheza.

"Rudisha," nikamwambia.

"Enda upike, mama watoto. Kuruka-ruka na kaptula ndiyo mchezo?"

Hoteli nzima ikacheka. Nikamkabidhi mama mtoto wangu niliyekuwa nimembeba, nikaenda kurudisha mwenyewe. Jamaa akanizaba kofi mdomoni. Ndipo nikaokota chupa. Damu yake ilitiririka mpaka kwa chapati za watu. Akanikaba koo, nikamng'ata mkono hadi akalia kama ndama. Walipotutenganisha, mwenye hoteli akarudisha voliboli. Ilikuwa imeisha, wanatangaza sabuni. Mama bado alikuwa ameikodolea televisheni macho, akimtafuta binti yake.

Kituoni, tulipopelekwa sote wawili, polisi aliangalia mdomo wangu uliofura. "Eleza hilo kofi, dada, niandike."

"Kofi nimelilipiza. Andika alimnyima mama yangu kumwona mtoto wake."

"Sasa hilo ni kosa gani?"

"Andika tu, afande."

Akaandika, polepole: mlalamishi asema mshukiwa aliondoa mchezo wa wanawake, mzazi wa mchezaji akitazama. Nikaweka sahihi.