Mchezaji wa Pili Katika Banda la Kudra

Umewahi kumwona mchezaji wa gemu anatembea kwenye runinga, na hakuna mkono uliomshika?

Saa kumi jioni, Ikungi. Upepo unasukuma vumbi la barabara ya Dodoma hadi kizingitini mwa banda la Kudra Mselemu, fundi wa redio na mwenye banda la gemu. Amelehemu waya mwembamba kama unywele, anaupuliza upoe. Nyuma yake Anuari, dereva wa bodaboda, anacheza mpira peke yake. Mara mchezaji wa timu ya pili anageuka, anakwenda polepole hadi mstari wa pembeni, anasimama.

Anuari anaweka pedi ya kuchezea chini. “Da Kudra, huyu mteja wako kama halipi, angalau asalimie.” Anacheka, lakini anatoka kinyumenyume.

Zamani pedi zilikuwa za waya, na vijana walizivuta goli likiingia hadi waya zikakatika. Kudra akatafuta zisizo na waya. Mashine yake kuukuu ikazikataa. Ndipo akanunua kibao cha elektroniki, upana wa vidole viwili, chenye ubongo unaofundishika. Akajifunza kwa simu namna ya kukiandikia maelekezo, akakifunika kwa kopo la mafuta ya kujipaka, akakichomeka kwenye mashine. Kikanasa mawimbi ya pedi.

“Ni mkalimani,” anasema. “Na hasahau. Ukimtambulisha pedi mara moja, siku yoyote ikisogea karibu anaipokea.”

Pedi ya kwanza kutambulishwa ilikuwa ya Laurian, kijana wa mtaa wa nyuma, aliyekuja nayo mfukoni kila jioni. Laurian alifariki kwa homa mwaka jana, watu wakivuna alizeti.

Mwezi uliopita taa ya kile kidude cha ndani ya kopo ikaanza kuwaka yenyewe jioni, saa ileile ya Laurian. Wateja wakapungua. Wengine walimshauri Kudra alete mchungaji, wengine shehe, wengine akichome moto kidude chenyewe. Banda ndilo linalomlisha na wanawe wawili, na kufuta kumbukumbu ya kile kidude ni kubonyeza kitufe kimoja tu. Mara mbili kidole chake kilifika pale, kikarudi.

Hofu ilimpungua alipowaza habari ya betri. “Betri ya pedi haimalizi wiki,” anasema. “Marehemu hachaji.”

Leo, Anuari alipokwisha kutoka, Kudra anazunguka nyuma ya banda kumtafuta anayeichaji. Ukutani, juu ya kigoda, ameketi Hana, mama yake Laurian, ungo wa alizeti pembeni. Pedi iko mapajani. Dole gumba linasukuma kitufe taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

Hana hainui macho. Anaeleza kwamba mwanawe alimwambia taa ikikonyeza, pedi inaitafuta mashine, ikitulia, imeipata. Nyumbani inakonyeza tu mpaka inazima. Siku moja alikuja kupeta alizeti hapa ukutani, pedi ikiwa pindoni mwa kanga. Ikatulia. Tangu hapo huja kila jioni. Kwamba upande wa pili wa ukuta kuna mchezaji anatembea kwenye runinga, hakujua.

Kudra ana oda za vidude kutoka mabanda ya Iguguno na Nduguti, na mwakani anataka chumba cha pili, cha ufundi peke yake. Hiki cha kwanza hakiuzi wala hakifuti. Wateja atawaeleza ukweli. Wa kukimbia akimbie.

Anamshika Hana mkono, anamleta mbele. Mama huyo anasita mlangoni. Miaka yote aliliita banda hili kijiwe cha wavivu. Anaingia, anasukuma kitufe, na pale kwenye runinga mchezaji wa pili anatoka pembeni, anakuja katikati ya uwanja.

Hana anasogea karibu na runinga.

“Aliniita sana nije nimwone akicheza,” anasema. “Nikawa namwambia nina kazi. Nilitaka kuja, Kudra. Nilitaka.”