Chandarua cha Baridi

Jumamosi, huku ughaibuni, ndani ya basi la kutoka mji wa Sterling, Mkenya mmoja aliyekaa mbele yangu alikuwa amekumbatia furushi la pamba ya kujaza ukutani, kubwa kuliko yeye. Mama wa Kizanzibari aliyekaa kando yake akamuuliza kama anahamisha godoro.

"Si godoro, mama. Nina kibanda huko milimani, hakuna stima, ni jiko la kuni tu. Naziba kuta, baridi isipenye."

"Na hiyo yatosha?"

"Hili ni furushi la nne. Mwaka jana maji yaliganda kikombeni. Mke wangu ameapa harudi huko."

Mama akalibonyeza furushi kwa kidole. "Paa liko juu?"

"Juu sana."

"Basi joto lenu lote limepanda huko. Kwani nyinyi mwalala nyumba nzima?"

Akainua mikono, akachora hewani nguzo nne za kitanda. "Tundikeni mablanketi kama chandarua, juu na pembeni. Miili yenu itawatosha. Ila jiko libaki mbali, msije mkaungua."

Mkenya akatoa simu. "Mama watoto, yale mablanketi ya kupeleka kanisani, hebu yaache kwanza."

Mimi nilishuka mjini kwangu, Alexandria, nikiwacheka wote wawili. Nilipofungua mlango wa nyumba yangu, joto la hita ya sebuleni likanipokea vizuri. Lilikuwa humo peke yake tangu asubuhi.