Siku Mama Alipojiita Raia

Juzi, nyumbani kwangu Mugumu, nilikuta daftari la Uraia la mwanangu limefunguka mezani, nikakumbuka mchana mmoja kijijini kwetu.

Nilikuwa darasa la nne. Mwalimu alitufundisha kwamba raia ana haki, lakini sikumwamini. Neno hilo nilikuwa nimelisikia kwa askari tu, wakifoka mnadani: "Raia, rudi nyuma!" Nikajua raia ni mtu wa kufukuzwa.

Mchana huo alitupeleka kwenye mkutano wa kijiji tukajionee. Tuliketi kwenye nyasi kavu, harufu ya samadi ikitujia kutoka zizi la jirani. Mwenyekiti akatangaza kwamba njia ya kisimani itafungwa, eneo lile limepata mwenyewe. Wazee wakakohoa tu. Mama yangu, aliyeketi karibu nami, akasimama.

"Nani aliligawa? Tusomewe muhtasari."

"Mama Ghati, kaa chini," mwenyekiti akasema. "Haya ni ya wanaume."

"Maji nachota mimi. Sikai! Mimi ni raia wa hapa."

Nilidhani amejitaja mwenyewe ili afukuzwe. Nikamvuta kitenge. "Mama, usiseme hivyo!"

Akautoa mkono wangu taratibu, akabaki amesimama. Jirani yetu naye akasimama, kisha wanawake wengine, mpaka mwenyekiti akafungua kitabu cha mihtasari. Hakikuonekana kikao chochote kilichoigawa njia ile.

Jioni Mama alijitwika ndoo, akapita katikati ya njia, na hakusogea pembeni kumpisha mtu.