Jino Langu na Kidonge cha Mnanaa

Mimi duniani hapa hakuna kitu cha kunishangaza. Shule niliishia darasa la nne, lakini biashara ya mazao ilipofunguliwa kwa kila mtu nilianza na gunia moja la maharage juu ya baiskeli, kutoka Mogitu mpaka Katesh, na leo ghala langu unaliona ukiwa bado mbali kwenye barabara ya Singida. Mashine ya kupima unyevu sijawahi kuigusa. Kipimo changu ni jino. Nikiuma punje ya mahindi nakwambia yamekauka au mwenye nayo anataka kuniuzia maji. Sijakosea hata mara moja. Waulize Mogitu nzima.

Kilichonishinda ni tumbo langu mwenyewe. Lilianza Manyara ikiwa imeshakuwa mkoa. Linajaa upepo, linasokota, wiki hii sipati choo, wiki ijayo nakimbilia chooni na kumwacha mteja ameshika mkono wa mizani. Nilitibiwa amiba, nikatibiwa taifodi, nikanywa mizizi michungu ya kutoka mlimani. Mama watoto alinipikia uji wa peke yangu miaka yote hiyo bila kunung'unika. Hapo nampa heshima yake.

Ningeendelea hivyohivyo, ila kijana wangu wa kwanza alimpenda binti wa wafugaji wa Gendabi. Nikaenda kuposa, mimi na kaka yangu. Tukapewa viti, tukapewa maziwa. Baba wa binti ndiyo kwanza anaanza kuutaja ukoo wake, tumbo likasokota. Nikainuka. Nikarudi, nikainuka tena. Mara ya tatu mjomba wa binti, mtu mrefu mwenye fimbo, akasema wote wasikie:

"Huyu mzee amekuja kuposa au kukagua choo?"

Wakacheka. Baba wa binti hakucheka.

"Mtu anayekimbia maneno," alisema, "hata binti yangu akiwa na shida atamkimbia. Rudini mwezi ujao. Ukiinuka tena kabla sijamaliza, basi. Wapo wengine wanaomtaka."

Kijana wangu alitusubiri barabarani. Alitutazama nyuso, akageuka akatangulia mbele. Mpaka tunafika Katesh tuliuona mgongo wake tu, na ningeona afadhali angenitukana.

Kesho yake nikaenda Babati kwa daktari. Akapima damu, akapima choo, akaniminyaminya, akasema haoni kidonda wala mdudu.

Nikawaka. "Kwa hiyo naumwa uongo?"

"Hapana, mzee wangu. Maumivu yako ni ya kweli. Utumbo wako unakaza haraka kuliko wa wengine. Hautakuua, lakini utakusumbua."

Sijui kwa nini, ila kusikia mtu mwenye shule anasema ni ya kweli, macho yaliniloa kidogo. Vumbi la Babati lile. Akaniandikia kopo la vidonge vya mafuta ya mnanaa, nimeze kabla ya chakula, kizima kizima. Hilo la mwisho alilisema nikiwa nimeshafika mlangoni.

Sasa, miaka ile soko lilikuwa limejaa vitu feki. Betri haziwaki, dawa ya ng'ombe ni maji ya chumvi. Mtu kama mimi hauziwi kitu bila kukikagua. Nilipofika nyumbani nikakiweka kidonge kwenye jino, nikauma.

Mungu wangu. Kwanza baridi mpaka ndani ya masikio, halafu moto kifuani kama nimemeza kaa. Nikasema hii ndiyo dawa, si feki hii. Nikaendelea kutafuna. Tumbo likasokota vilevile, na sasa kiungulia juu yake. Siku za Gendabi zinakaribia.

Mama watoto ndiye aliyenusa.

"Baba watoto, mbona unanukia pipi?"

"Ni dawa ya tumbo."

"Ya tumbo, halafu inanukia mdomoni? Unaitafuna?"

"Naikagua."

"Wiki nzima unakagua! Si ungekuwa umeshamaliza gunia!" Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua kidonge, akakigonga kwa ukucha. "Ona ganda lilivyo gumu. Si limewekwa ili kifike chini kwanza? Wewe unakipasulia mlangoni."

Nikaanza kumeza. Sitakudanganya kwamba tumbo lilipona, mpaka leo lina siku zake. Lakini kusokota kulipungua, kiungulia kikaondoka.

Tukarudi Gendabi. Mzee akataja ukoo wake kuanzia mwanzo kabisa, mimi nimekaa. Tumbo likanguruma, nikakaa. Yalipoletwa maziwa nikaona nisijidanganye, nikasema mbele ya wote:

"Wakwe zangu, nisameheni. Tumbo langu ni bovu. Siku ile sikukimbia maneno yenu, nilikuwa naumwa. Sasa natumia vidonge."

Mjomba akafungua mdomo. Baba wa binti akamwinulia mkono, naye akaufunga. Tukapatana ng'ombe, mablanketi, asali.

Wakati wa kuagana mzee akanivuta hadi nyuma ya zizi.

"Mkwe, hivyo vidonge. Vinasaidia?"

"Mimi vimenisaidia."

Akatazama huku na huku. "Siku ile unainuka, mimi nilikuwa nimejibana palepale. Mwenye nyumba atakimbiaje mbele ya wageni? Nilikuonea wivu. Ndiyo maana nikawa mkali."

Nikatoa kimoja mfukoni nikampa akione, huku nikimwambia aende kwanza kwa daktari akapimwe. Naye akakipeleka moja kwa moja kwenye jino.

"Usiume, mkwe!" Nilimdaka mkono.

Akacheka, akanirudishia. "Daktari nitakwenda. Lakini kopo langu liongeze kwenye mahari."

Mahari ile niliibishania yote, mpaka blanketi la bibi. Kopo la mzee sikulibishania. Lilinigharimu shilingi elfu kumi na saba na mia tano.