Nilimrekodi Cucu kwa Kazi ya Chuo, Sasa Naogopa Kwenda Nyumbani

Admin, tafadhali usiweke jina langu wala jina la chuo. Hata jina la kijiji chetu nimeliacha kwa sababu huko Mbeere watu wanajuana.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mbili, niko mwaka wa tatu chuoni. Nasomea fasihi ya Kiingereza, uandishi na isimu, na nimekodi chumba mtaa wa Majimbo hapa Embu. Baba alifariki nikiwa na miaka minne. Tuliambiwa kwamba alipanda mtini kuvuna asali, kamba ikakatika, akaanguka. Baada ya mazishi mama alifukuzwa ati ana mkosi. Sasa anapika katika shule moja huko Nkubu. Mimi nilibaki kwa ankol, kaka mkubwa wa baba. Ndiye aliyenilea na kunisomesha, na sijawahi kumsikia akipaza sauti.

Muhula huu lekchara wa isimu alitutuma tukarekodi mzee akizungumza lugha ya nyumbani, kisha tuandike kila neno na maana yake chini. Wengi walilalamika lakini mimi nilifurahi, kwa sababu cucu yangu, mama yake baba, akianza hadithi hata mbuzi wanasimama kusikiliza. Anakaa kwenye boma la ankol. Nilienda Jumapili, nikamkuta na mama mmoja jirani, rika lake. Niliweka simu juu ya kigoda, nikamwambia Cucu aongee tu. Aliongea juu ya njaa ya zamani na jinsi walivyokuwa wakipanda mtama. Katikati nikaenda jikoni kuwapikia chai. Simu niliiacha hapo ikirekodi.

Siku tatu baadaye nilikaa chumbani mchana, nikaweka earphone, nikaanza kuandika. Nilipofika pale nilipotoka, nikasikia mlango, kisha sauti zikashuka. Yule jirani alisema nimefanana sana na baba. Cucu akasema, "Kamba haikukatika. Ilikatwa."

Nilirudisha nyuma nikidhani nimesikia vibaya. Kwa Kimbeere, kama kwa Kiswahili, tofauti ya maneno hayo mawili ni ndogo sana mwishoni. Lekchara alikuwa ametufundisha jambo hilohilo wiki iliyotangulia, kwamba kitenzi kimoja kinasema kitu kimetokea chenyewe, na kingine kinasema kuna mtu aliyefanya ila hatajwi. Nilisikiliza mara ishirini, pengine zaidi. Ilikatwa.

Jirani akamuuliza alijuaje. Cucu akasema aliiokota ile kamba kabla watu hawajafika, akaona imekatwa kwa kisu karibu yote, zikaachwa nyuzi chache tu, akaitia motoni. Jirani akauliza tena, polepole, "Na yeye anajua kwamba unajua?"

Cucu akajibu, "Si ndiye ananilisha. Nimezaa wawili. Ningesema, ningebaki na nani?"

Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe kwenye rekodi, nikiingia na chai, nikicheka.

Nilikumbuka nilichowahi kusikia, kwamba mwaka aliokufa baba shamba la babu lilikuwa karibu kugawanywa, na leo lote ni la ankol. Nilikumbuka pia kwamba siku niliyopata barua ya chuo alinishika mabega akasema baba yangu angefurahi.

Lekchara nilimpelekea dakika kumi za kwanza tu. Alizipenda hadi akaniomba rekodi nzima ihifadhiwe idarani. Nikamdanganya kwamba simu imeharibika. Lakini nadhani yule jirani alikumbuka simu iliyokuwa kwenye kigoda akaingiwa na hofu, akamtajia ankol, kwa sababu Jumanne ankol alinipigia. Alinisalimia, akauliza masomo, kisha akasema kwa upole wake uleule, "Mami, nasikia ulirekodi nyanyako. Kuja na hiyo simu Jumamosi tusikilize sote. Na usiwe umefuta kitu."

Nilimwambia nina mtihani. Akasema mitihani huisha.

Nilijaribu kumpigia Cucu. Alichukua muda mrefu kushika simu. Nilimuuliza kama yuko salama, akaniambia kwa haraka, "Futa hayo maneno, mwanangu. Mimi ni mzee, nilikuwa naropoka." Cucu haropoki. Anakumbuka jina la kila mbuzi aliyewahi kumfuga. Kabla sijamjibu nikamsikia mwanamume karibu naye akisema, "Sasa inatosha, mama," na simu ikakatwa.

Jumamosi sikwenda. Nilisema naumwa. Jana nikirudi kutoka darasani, mama mwenye ploti ninayokodi aliniambia mzee mmoja mtaratibu alikuja akauliza mlango wangu ni upi. Akamwonyesha. Hakubisha wala hakuacha ujumbe, alisimama tu pale akautazama, akamshukuru, akaenda. Tangu jana niko kwa rafiki yangu wa darasa, na hata yeye sijamwambia kwa nini.

Rekodi iko mahali pawili sasa. Nikienda polisi, watamchukua Cucu pia, kwa sababu ndiye aliyechoma kamba, na hata wasipomchukua atarudi kulala kwenye boma la nani? Nikimwambia mama, najua atapanda gari siku hiyohiyo aende kumkabili, na naogopa nitazika mzazi wa pili. Nikinyamaza, nitakuwa nimefanya alichofanya Cucu miaka hii yote, na yeye yuko kule peke yake na mtu anayejua kwamba amesema.

Ndugu zangu mnaosoma, hasa nyinyi wakubwa na mnaojua sheria, msinitukane. Niambieni tu nianze kwa nani, na nimtoe vipi nyanya yangu pale kabla sijafungua mdomo.