Neno Alilolipenda Bibi

Juzi hapa Bariadi mjukuu wangu kaitwa na mama yake aoshe vyombo, akajibu, "Mama, weiti!" Nilitaka kumkanya. Nikajikuta nacheka peke yangu, maana neno hilo nililijua kabla mama yake hajazaliwa.

Kwetu Lingeka mwalimu alitufundisha Kiingereza kwa vitendo. Siku ya "weiti" alitupanga mbele ya mtungi wa maji, jua kali, asinywe mtu mpaka aruhusu. Maana yake ngoja, akasema. Koo zetu zilishaelewa.

Jioni kazi yangu ilikuwa kushika ndama: anyonye kidogo maziwa yashuke, nimvute pembeni, bibi akamue. Siku ile ndama akavuta kamba, nikamwambia, "Weiti!" Bibi akauliza maana, nikamweleza. Basi, akalichukua likawa lake. Mgeni akinyanyuka kabla michembe, viazi vyetu vya kukausha, haijaiva, weiti. Kuku wakisogelea mtama ulioanikwa, weiti.

"Bibi, kuku hawangoji, wanafukuzwa."

"Wa kwangu wanangoja," anasema, fimbo mkononi.

Nilipoingia darasa la saba, baba alikubali ng'ombe wa watu wa Mwanhuzi. Anayeozwa ni mimi, na mtihani bado. Nililia jikoni. Bibi hakuwa mtu wa kubembeleza. Alisema tu, "Koroga uji, usiunguze."

Washenga wakafika na ng'ombe wao, wakamsalimia mama mwenye boma kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu." Bibi akaitikia, kisha akasimama katikati ya lango la zizi.

"Weiti," akawaambia.

Wakatazamana. "Unasemaje, mayu?"

"Ni Kizungu. Mtoto amalize shule kwanza, ndiyo muingize ng'ombe. Sasa hivi, weiti."

"Mama, unaniaibisha," baba akasema.

"Na wewe weiti."

Wazee wale walicheka mpaka wakashika magoti, na mtu akishacheka hivyo ugomvi unamshinda. Wakala, wakanywa, wakaswaga ng'ombe wao kurudi kwao. Mtihani nikafanya. Sikufaulu, nisikudanganye. Lakini nilimaliza, na nikaja kuolewa nimekomaa, na mtu niliyemtaka mwenyewe.

Boma lile sasa ni shamba la pamba, hata mahali pa zizi sipajui tena. Maziwa tunanunua ya pakiti. Bibi tulimzika zamani. Ila hapa nyumbani posa ya mjukuu wa kike ikiletwa, baba yake hajavaa hata viatu, mimi nimeshafika mlangoni.