Chai ya Vifungo vya Njano

Kathure wa Githongo alikuwa na majivuno ya aina moja tu, lakini hayo yangetosha watu watatu: pareto yake. Miaka ishirini na sita amechuma maua yale meupe yenye moyo wa njano, akayaanika, akayapeleka kituo cha kuuzia. Yaliyobaki aliyasaga akawapaka kuku wenye utitiri, mengine akanyunyizia mahindi ya ghalani. Dudu hufa, mtu hafi. Hilo alilijua kama Baba Yetu, na aliyejaribu kumfundisha habari za maua alikatwa kauli papo hapo: "Wewe umeyasoma. Mimi nimeyalea."

Alikuwa pia na kipandauso. Kikimshika anajifunga leso kichwani, anaziba dirisha, na jogoo wake mwenyewe akiwika anamtukana matusi ya sokoni. Basi binamu yake Igoki, anayefanya kazi shamba la maua upande wa Timau, akamletea miche ya ua jingine jeupe, dogo dogo, lile ambalo hufungwa pamoja na waridi likapelekwa ng'ambo. Akamwambia Wazungu hutafuna majani yake kwa sababu ya kichwa.

"Hii ni pareto iliyodumaa," Kathure alicheka. Lakini alitafuna. Majani mawili kila asubuhi, machungu kama nyongo, mpaka ulimi ukachubuka. Mwezi wa kwanza hakuona kitu. Wa pili, kile kichwa kilichokuwa kikimtembelea kila wiki kilikuja mara moja tu. Hapo kiburi chake kikapata mbolea.

Mwaka uliofuata Igoki alileta mmea mwingine. Huu maua yake hayakuwa na petali, ni viduara vya njano kama vifungo vya sweta ya shule, na ukiusugua unanuka kafuri mpaka macho yanalia.

"Nao ni ukoo huo huo wa pareto," Igoki alisema, "lakini kwetu shambani ni wa kupamba shada tu."

Kathure alisikia "ukoo", "shada tu" likampita. Hesabu yake ilikuwa fupi: pareto haiui mtu, mweupe umeniponya, wa njano unanuka kuwashinda wote, basi huu ndio kaka yao mkubwa. Alimpa mbuzi. Mbuzi alinusa, akageuza uso. "Madaha," Kathure akamwambia. Akachemsha, akanywa kikombe kimoja, hakufa. Akaanika gunia zima.

Huku kwetu kiondo cha mgeni hakirudi kitupu. Ukiletewa mayai, unarudisha ndizi au mafungu mawili ya viazi. Mwaka huo kila kiondo kilichoingia kwa Kathure kilitoka na pakiti ya chai ya njano. Na binti yake Karimi, mwenye kioski cha chakula kule Nchiru karibu na hosteli za wanafunzi, alipokuja Jumapili akilalamika kichwa, akabebeshwa yake. "Kiganja kimoja kila asubuhi. Na usitie sukari, unaiharibu."

Jumatano Kathure akamfuata Nchiru na pakiti ya pili.

Kwenye benchi la kioski alikuwapo Gedion, kijana wa maabara ya kemia pale chuoni, mteja wa kila siku, anakula chapati na maharagwe. Pakiti ilipofunguliwa harufu ikamfikia. Akaacha kutafuna.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Dawa ya kichwa. Kula chapati yako, hukuulizwa."

"Nani anakunywa?"

"Msichana wangu, tangu Jumatatu. Hata mimi nilikunywa. Ni ndugu ya ule mweupe ninaotafuna, ulioniponya kichwa. Au unaona umekaa na pepo?"

Gedion alichukua kifungo kimoja, akakiponda kwa ukucha, akanusa. Hakucheka.

"Ule mweupe unaotafuna, Mama, na huu, ni ndugu. Sikatai. Lakini hata Kaini na Abeli walikuwa ndugu. Mweupe una uchungu wake, ndio unaotuliza kichwa pole pole. Huu wa njano una mafuta yanaitwa thujoni. Ndiyo hayo yananuka. Yakizidi mwilini yanachokoza mishipa ya fahamu, mtu anaanguka anatetemeka kama mwenye kifafa. Na huwezi kujua yamezidi. Mche huu unayo kidogo, wa pembeni yake unayo mara kumi. Kiganja hakipimi kitu hapo."

"Nilipewa na mtu wa shamba la maua!"

"La maua, Mama. Si la dawa." Akashusha sauti. "Zamani kule Ulaya wanawake waliunywa kutoa mimba. Wengine walikwenda pamoja na hiyo mimba."

Upawa ulianguka ndani ya sufuria. Karimi alikuwa amesimama nyuma ya jiko, mkono uko hewani, kama bado ameushika.

"Mami," alisema. "Nina miezi miwili na nusu."

Kathure aliinyakua ile pakiti, akaifunga.

Hakuwa ameambiwa. Angeambiwaje? Mimba changa haitangazwi huku, mama mzazi naye hungoja tumbo lijisemee. Na Karimi alikuwa amekwisha kupoteza mbili. Safari hii alikuwa amefunga mdomo hata kwa mumewe mpaka mwezi wa pili.

"Na tumbo linanikata tangu asubuhi," Karimi akasema. "Nilifikiri ni maharagwe."

Gedion alisimamisha gari la kwanza lililopita, pikapu ya kabichi. Karimi akawekwa mbele na dereva. Kathure alipanda nyuma juu ya kabichi, akizishika kwa mikono miwili kama zinataka kumtoroka.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke mdogo wa umri. "Amekunywa kiasi gani?"

"Kiganja kimoja kwa siku. Siku tatu."

"Kiganja cha nani?"

Kathure alitazama mkono wake. Mkono wa jembe, mpana kama sahani. Ndio aliotumia kumwonyesha Karimi.

"Niliimwaga nusu," Karimi alisema kutoka kitandani. "Kila siku niliimwaga nusu, Mami. Ilikuwa inanuka kama dawa ya nondo. Sikutaka kukuambia."

Kwa mara ya kwanza maishani Kathure alishukuru kutotiiwa.

Walimpeleka chumba cha picha. Kathure alisimama mlangoni, hakukaa, akawa anavuta uzi wa sweta yake mpaka mkono mmoja ukafumuka hadi kiwiko. Daktari alipotoka alisema maneno machache: "Moyo wa mtoto unapiga. Kesho siwezi kukuahidi. Leo unapiga. Atakaa hapa tumwangalie."

"Na ule mweupe?" Kathure aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nao si wa mjamzito. Wala wa mtu anayemeza dawa za kuyeyusha damu. Hakuna jani linalofaa kila mtu, Mama."

Akaingia kwa binti yake. "Karimi, mwanangu, pole sana, mimi..."

"Usinipe pole." Karimi alikuwa mweupe midomoni, lakini macho makali, macho ya mamake. "Ni akina nani wengine umewapa?"

Kathure akaanza kuhesabu kwa vidole. Vidole vikaisha. Akaketi chini sakafuni, akatoa simu, akampigia jirani wa kwanza.

"Gladwell? Ile chai ya njano, umekunywa?"

"Nimeiteleka sasa hivi, Mama Karimi. Kwani?"

"Mwaga."

"Nimwage? Si wewe ulituambia tusikuulize mambo ya maua, wewe ndiwe uliyeyalea?"

"Nilisema. Nilikosea."

"Umesema nini?"

"Nilikosea, Gladwell! Unataka niimbe? Mwaga hiyo chai, halafu ukimbie kwa mke wa Runji, ananyonyesha, umwambie amwage na yeye."

Alikata, akafuta macho kwa ule mkono uliofumuka, akatafuta jina la pili.